Ya Latifu ya Ilomba

Abdul aliondoka Ubaruku na lori la mchele kwenda Iringa, na tangu juzi simu yake haipatikani. Mdogo wake, Hamza, alikwenda Igawa kuulizia. Mwantumu, mke wa Abdul, alibaki Ilomba akizunguka sebuleni, hali, halali, mpaka mama mkwe wake, Bi Nasrin, akaita watu wasome uradi wa Ya Latifu kumwombea Abdul.

"Nitakaa," Mwantumu alisema. "Ila mama, ile La ilaha illa Llah ya kusindikizia jeneza nisiisikie humu. Mume wangu hajafa."

"Nani kasema kafa? Kaa chini, mwanangu."

Wanawake walikaa ndani, wanaume nje chini ya turubai. Mwanzoni Mwantumu alisoma huku meno yakigongana. Walipopita mia ya kwanza, meno yakatulia. Ya Latifu, Ya Latifu, vichwa vinakwenda kulia, vinarudi kushoto. Akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu juzi. Utamu wa uradi ule, jamani, ulitisha: hata simu aliisahau chini ya kochi.

Kabla ya adhuhuri alitupia jicho nje kupitia mlangoni. Kandambili za wanaume kando ya turubai zilikuwa zimepungua. Akatazama tena, zimebaki jozi mbili. Yudith, jirani yake aliyekuja kusaidia chai, alisimama na birika mkononi, sikio barabarani.

"Shoga, kuna nini?"

"Hakuna kitu. We soma tu."

Yudith ni Mmoraviani wa kwaya. Tangu lini akamhimiza mtu kusoma uradi?

Mara Bi Nasrin akapandisha sauti, na wenzake wakafuata, wakapiga Ya Latifu mpaka vikombe vikatikisika. Mwantumu alielewa kwamba walikuwa wanafunika kitu asikisikie. Hakukasirika. Aliomba tu wasinyamaze.

Lakini koo huchoka. Sauti zilikauka moja baada ya nyingine, na kutoka barabarani ikaingia nyingine, nzito, ya wanaume wanaotembea: La ilaha illa Llah. Ile ile. Hamza ndiye aliyekuwa akiongoza, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

Bi Nasrin akajifunika uso kwa mtandio, akaanza kulia.

Mwantumu aliendelea na Ya Latifu peke yake, kichwa kulia, kichwa kushoto, mikono imetulia tuli mapajani. Aliendelea wanaume walipoingia uani, akaendelea walipovua viatu. Alinyamaza walipolitua jeneza mkekani, mbele ya magoti yake.