Lifti Iliyofuata Sukari

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, dada wa mapokezi alijichoma kidole chini ya kaunta, akakamua tone la damu na kuligusisha kwenye kipimo chake. Kipimo kikiandika sita, lifti ilipanda ikasimama ghorofa ya sita. Kikiandika nane, ilikwenda ya nane. Jengo zima lilimwita Mapokezi, na badala ya kumuuliza ameamkaje, watu walimuuliza, "Leo uko ngapi?"

Jambo hilo lilianza wiki aliyoajiriwa. Fundi wa lifti aliitwa, akafungua mitambo, akakaza alichokaza, akapaka grisi, na lifti haikutoka ghorofa ya tano. Akashuka kwa ngazi na kumuuliza Mapokezi kama ana ugonjwa wowote. Alipoambiwa ni kisukari, kile cha utotoni kinachotaka sindano ya kushusha sukari kila siku ya Mungu, alianza kufungasha spana zake. Alisema kuna jengo aliwahi kufanya kazi ambako pampu ya maji ilikuwa ikimfuata mpishi mwenye presha.

"Lifti yenu nzima," alimwambia meneja. "Mwangalieni dada."

Meneja akamwangalia. Alikuwa mtu wa adabu, anayeomba hata pale anapoamuru.

"Jitahidi tu kutulia," alimwomba Mapokezi.

Mapokezi alikuwa akijitahidi tangu ana miaka tisa. Aliweza kula mkate uleule na yai lilelile asubuhi mbili, akajidunga dozi ileile, na bado siku ya kwanza kipimo kikasema sita, ya pili kumi na nne. Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na mbili, kwa hiyo siku hiyo ya pili lifti ilishinda ikigonga paa. Mafua yaliipandisha. Kutembea haraka kuliishusha. Kugombana na mama yake kuliipandisha na kupatana kuliishusha, na mara nyingine ilikuwa kinyume chake. "Sukari haina adabu," mama yake alisema, kana kwamba anamsengenya mpangaji wa chumba cha nyuma. Shangazi yake alishikilia kwamba ni pipi za utotoni. Daktari alikwisha kueleza kuwa hakuna aliyekula kitu, kongosho liliacha kazi lenyewe bila kuaga, lakini shangazi alibaki na pipi zake.

Ofisini watu walizoea. Wa ghorofa za juu walimletea soda. Wa ghorofa za chini walimshauri apunguze wali. Mtu mmoja tu hakuwahi kumuuliza yuko ngapi, naye ni mhasibu wa ghorofa ya tisa, aliyetembea kwa magongo mawili na kujiita Bwana Magongo kabla wengine hawajamwita. Alikaa kwenye kiti karibu na kaunta, akasoma gazeti mpaka lifti itakapoamua. Siku moja Mapokezi alimwonea huruma, akala biskuti tamu, lifti ikaenda hadi ya tisa. Bwana Magongo aliona makombo kwenye blauzi yake.

"Usinipandishe kwa damu yako, dada," alimwambia. "Nikichelewa nitakatwa mshahara. Wewe utakatwa nini?"

Hakupanda siku hiyo. Alifanya mahesabu yake palepale kwenye kiti, karatasi zikiwa mapajani.

Biskuti zile zilimletea Mapokezi onyo. Kula kaunta kulikatazwa kwa tangazo. Meneja hakupenda mteja aingie amkute mtu anatafuna. Chakula kilikuwa saa saba, katika chumba cha nyuma, na mlango ukiwa umefungwa.

Kisha wakatangazwa wageni kutoka makao makuu, watakaokutana na meneja ghorofa ya kumi na mbili. Asubuhi ya siku yenyewe meneja aliegemea kaunta na kupunguza sauti.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Leo usijidunge."

"Nisipojidunga haitasimama kumi na mbili, bosi."

"Itasimama wapi?"

"Haitasimama."

Meneja alifikiri kidogo, akasema basi afanye anavyojua. Mapokezi akafanya anavyojua. Saa saba ilipofika alijidunga sindano ya chakula cha mchana, akachukua bakuli lake na kuelekea chumba cha nyuma. Meneja akamkuta mlangoni.

"Wageni wako getini. Rudi mara moja, wasikute kaunta tupu."

"Nimeshajidunga, bosi. Lazima nile."

"Dakika mbili tu. Vumilia."

Akarudi kaunta. Bakuli lilibaki chumba cha nyuma. Wageni hawakuwa getini. Walikuwa wamesimama barabarani kuongea na simu. Mapokezi alianza kutoka jasho, kisha mikono ikatetemeka, kisha midomo ikafa ganzi. Juu ya mlango wa lifti namba zilikuwa zikishuka: tano, nne, tatu. Ndani yake alikuwemo Bwana Magongo, aliyekuwa anateremka kwenda kula. Namba zikafika moja, zikazimika. Jengo halikuwa na kitu chini ya ghorofa ya chini, lakini nyaya ziliendelea kusikika zikiteremka.

"Bosi," alisema mlinzi, mzee aliyekuwa na mke mwenye ugonjwa huohuo, "dada anashuka."

"Si huyo hapo amekaa?"

"Anashuka. Na Bwana Magongo yumo ndani."

Wageni wakaingia. Mapokezi akasimama, akawatazama kwa muda mrefu na kuwaambia, "Kwaherini." Wakacheka, wakidhani ni utani wa ofisi ile. Meneja naye akacheka, akawaongoza kwenye ngazi huku akiwaambia kuwa kupanda ni afya. Walipopinda kwenye kona, Mapokezi akaketi sakafuni.

Mlinzi alichukua jagi la juisi lililoandaliwa kwa wageni. Akapiga magoti, akamwinua kichwa.

"Kunywa, mwanangu. Meza kwanza. Usinilalie."

Alimeza. Nusu ikamwagika kwenye blauzi, nusu ikashuka kooni. Akameza tena. Ilichukua muda, na katika muda huo nyaya zilinyamaza kabisa. Kisha zikaanza kuvuta. Lifti ikafunguka, Bwana Magongo akatoka, ncha za magongo yake zikiwa na udongo mbichi. Akamwangalia Mapokezi, akaona macho yake yamerudi. Ndipo akaenda kula.

Kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa lifti: isitumike saa saba hadi saa nane. Lingine lilibandikwa kwenye kaunta, maandishi yake makubwa kuliko ya zamani: ni marufuku kula hapa. Mlinzi alikumbushwa kwa upole kwamba juisi ya wageni ni ya wageni. Fundi akaja kuongeza kitufe kimoja chini ya vingine, kisicho na namba, kwa kuwa alisema lifti ikishafika mahali hairuhusiwi kukosa kitufe cha mahali hapo.

Mapokezi alimtazama fundi mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia Bwana Magongo, aliyekuwa kitini na gazeti lake.

"Huko chini kuna nini?"

"Ukumbi. Una mabenchi, na watu wamekaa."

"Watu gani?"

"Wa kazi mbalimbali. Yuko dereva. Yuko mwalimu, mkono bado una chaki. Yuko binti mmoja mwenye aproni ya kiwandani, aliniuliza kama siku hizi huku juu mtu anaruhusiwa kula akiwa kazini."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia bado."

"Akasemaje?"

Bwana Magongo akakunja gazeti.

"Alisogea kidogo, akapangusa nafasi iliyo pembeni yake."