Kalamu ya Loisi

Kwa miaka kumi na minne, mtu mwenye kisukari akifika katika hospitali ile ya Dodoma, madaktari walisema, "Mpelekeni kwa Debora." Huko maabara Debora alichemsha damu na dawa kwenye bomba la kioo, akangoja, akalinganisha rangi. Ilimchukua karibu saa nzima. Mwaka 1994 Loisi, kijana wa maabara hiyohiyo, akarudi kutoka masomoni ng'ambo na kifaa chembamba kama kalamu. Tone la damu kwenye kijikaratasi kigumu, nusu dakika, na namba ikatokea. Haikupita wiki mbili madaktari wakawa wanasema, "Mpelekeni kwa Loisi."

Debora hakulalamika. Lakini kila alipomsikia yule binti, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, akicheka na wagonjwa chumba cha pili, aliiacha chai ya saa nne ipoe mezani.

Siku moja Loisi aliwaeleza wenzake kinachotendeka ndani ya kalamu. "Kijikaratasi hiki kina kimeng'enya," alisema. "Kinakamata sukari na kuipokonya elektroni. Chenyewe hakiwezi kuzifikisha kwenye waya, kwa hiyo ipo kemikali yenye chuma inayozipokea na kuzipeleka. Zikifika, umeme mdogo unapita. Sukari ikizidi, na umeme unazidi. Huo ndio unaosomwa."

"Na kitu kingine kikipeleka elektroni zake hapo kwenye waya?" aliuliza Debora.

"Kama kipi, dada?"

"Sijui. Nauliza tu."

Wenzake wakacheka kidogo. Debora akashusha macho, lakini swali hakuliacha. Tangu siku hiyo alichukua damu iliyobaki ya kila mgonjwa wa Loisi, akaipima upya kwa njia yake na kuandika daftarini. Namba zilikubaliana siku baada ya siku, na kila zilipokubaliana alilifunga daftari kwa hasira.

Hata ikaja Jumatatu ya Bi Batuli, mama wa Kondoa aliyefikia kwa bintiye mjini. Kalamu ilisema kumi na tatu, sukari iliyopanda mno. Debora akapata nane. Akarudia, nane tena. Akamfuata kwenye benchi la nje.

"Shikamoo mama. Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Marahaba mwanangu. Panadol tu, kwa ajili ya magoti. Siku hizi kila duka wanauza. Nameza nane, siku nyingine kumi."

Loisi alipokwenda kula, Debora alichukua kalamu na vijikaratasi viwili mezani kwake, akapima damu yake mwenyewe. Akasaga kidonge cha Panadol, akatia chembe ndani ya damu hiyo, akapima tena. Namba ikapanda. Waya haukujua elektroni zimeletwa na nani, na Panadol nayo ilikuwa inaleta zake. Debora aliketi kwenye stuli, akitabasamu peke yake.

Angeweza kusema palepale. Lakini Alhamisi wageni kutoka Dar es Salaam walikuwa wanakuja kuitazama kalamu, na alitaka Loisi ayasikie hayo mbele yao. Zilibaki siku tatu tu.

Jumatano saa tano asubuhi Bi Batuli aliletwa amelowa jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Daktari Halfani alikuwa amemwongezea insulini kwa kufuata ile kumi na tatu. Loisi akapima haraka.

"Saba," alisema. "Sukari iko sawa. Tutafute kingine."

Debora alikuwa mlangoni.

"Hiyo saba si ya kweli," alisema. "Sukari imeshuka. Mchomeni glukosi, daktari. Ni Panadol inayodanganya kalamu."

Halfani alimtazama, kisha akachukua sindano. Baada ya dakika chache Bi Batuli alifumbua macho na kuuliza kanga yake iko wapi.

Loisi aliomba kuliona daftari. Alisoma polepole. "Hapa umeandika Jumatatu."

"Ndiyo."

"Leo ni Jumatano, dada."

"Nilikuwa nawangoja wageni," alisema Debora.

Loisi alimrudishia daftari, akaenda kunawa mikono.

Kesho yake, mbele ya wageni, Loisi alisoma zile namba zote na kusema aliyegundua ni dada Debora. Jumatatu hakuitaja. Wageni wakampa Debora mkono, naye akatamani Loisi angemshtaki, apate walau sababu ya kumchukia.

Walipoondoka alikwenda wodini, akaketi kando ya kitanda cha Bi Batuli na kumweleza yote, tangu lile benchi.

"Ningekufa, mwanangu?" aliuliza yule mama.

"Ungekufa, mama."

Bi Batuli akageukia ukutani. Debora hakuondoka. Alikaa palepale mpaka chakula cha mchana kilipoletwa, akakipokea, akaanza kumpoozea uji.