Spika Nyuma ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mzee Anyelwisye, aliletwa kwetu Bulyaga kutoka Kisiba ili awe karibu na hospitali. Miguu ilikuwa imevimba. Nyumba yetu ina sebule moja, na kwa Wanyakyusa wa umri wake, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Vijana wengi wa mjini wameshaacha. Yeye hakuacha, na mimi sikuolewa ili nije kumfundisha. Nikipeleka chakula anageukia dirishani mpaka nitoke. Akitaka kitu kwangu anamwambia mume wangu, Ezron, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia.

Jioni alikaa kwenye kochi mbele ya TV, mimi nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, karibu na mlango wa jikoni. Yeye anaona TV, mimi naona TV na kisogo chake. Hakuna aliyetupangia, ilitokea tu, ikatufaa wote. Tulifuata tamthilia moja. Akicheka mabega yanatikisika, na mimi nacheka. Kabla ya kigoda kile tamthilia nilikuwa naisikia kutoka jikoni, kama jirani.

Ezron anapeleka ndizi Dar, na huko kuna rafiki yake mwenye homu thieta. Safari moja akarudi hana maneno mengine. Sisi tulikuwa na sabufa na spika za mbele, sasa akataka na za nyuma. Tukaenda dukani kwa Muddy. Alikuwa na ndefu za kusimama chini, zinamfika mtu kifuani, na ndogo za kutundika ukutani.

"Shemeji, hizi ndefu ukiziweka nyuma," Muddy akaniambia, "mtu akikimbizwa kwenye muvi, wewe unasogeza miguu apite."

Ezron akacheka, mkono tayari uko juu ya ile ndefu. Mimi nilikuwa napima kwa macho. Spika za nyuma zinakaa nyuma ya kochi, moja kushoto, moja kulia, na kulia ndipo kilipo kigoda. Nikasema ndefu watoto wa jirani wataziangusha, bora ndogo. Ni kweli wangeziangusha, ila mimi nilikuwa nawaza pa kukaa.

Muddy akasema ndogo zikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, au juu yake kidogo. Nyumbani Ezron akashika drili, akaweka alama ukutani pale pale ninapoegemeza kichwa. Nikamwomba apandishe, halafu aielekeze chini. Akanung'unika kwamba sauti itatupita juu, lakini akapandisha.

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika, bati limenyamaza, Ezron akaweka muvi na kuongeza sauti. Mzee alitulia. Halafu kwenye muvi mwanamke mmoja, ambaye hata hatujamwona, akakohoa. Kikohozi kikatokea nyuma, juu ya kichwa changu. Akakohoa tena, akaguna kama mtu mgonjwa sana.

Mzee akageuka mwili mzima. Tukatazamana.

Ana macho ya Ezron. Nilikuwa silijui hilo.

Akainuka, akashika ukuta mpaka chumbani kwake. Ezron akazima TV.

Kesho yake mzee hakutoka kula sebuleni. Ezron akaniambia niwe nakaa jikoni kwanza, mpaka mzee apone arudi kwake. Nikamuuliza kama haziwezi kuhama spika badala yangu. Akasema ukuta ameshautoboa. Nikakibeba kigoda, nikakipeleka jikoni.

Jioni mzee akamwita Ezron sebuleni. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na yeye aliuona uko wazi. Aliongea kama anayeongea na watu wawili.

"Mwambie mkamwana nilidhani anaumwa. Ndiyo maana niligeuka."

Ezron akasema ataniambia.

"Na hayo masipika yako yatoe mgongoni kwangu. Mgongoni kwangu pana mtu. Nikisikia anakohoa nijue ni yeye, nikutume umpeleke hospitali. Sasa nitajuaje?"

"Baba, hizi ndivyo zinavyotakiwa kukaa."

"Zinatakiwa na nani?"

Ezron akaja jikoni kutafuta bisibisi. Mimi nikatoka na kigoda changu.

Kuzirudisha dukani hakutaka, Muddy angemcheka. Amezipanga mbele, moja kila upande wa TV, juu ya vitambaa nilivyofuma. Waya hakubadilisha, kwa hiyo sauti za nyuma zinatoka mbele. Kwenye muvi mtu anashtuka, anageuka kutazama nyuma, na aliyemshtua anasikika pale pale pembeni ya TV. Wageni wakija wanausifia muziki. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Ezron anasema baba yake akirudi Kisiba atazitundika tena. Miguu ya mzee imepungua uvimbe, anatembea mpaka sokoni na kurudi, na habari ya kuondoka hajaitaja.