Maoni ya Kinyozi

Meno mawili ya kinyozi yalikuwa yameshafika sakafuni kabla shangazi hajatua ndoo yake. Alikuwa anatoka uani na maji ya kupigia deki, akasikia kishindo cha benchi, na alipochungulia ukumbini akamwona mchinjaji amemkunja kinyozi shati kifuani, anamtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Sema ni wewe," mchinjaji alisema. Hakupaza sauti. "Sema tu, nikupige kidogo."

Kinyozi angesema nini, na mdomo umejaa damu? Alitikisa kichwa. Ngumi iliyofuata ikampata sikioni.

Ukumbi wenyewe wa gemu haukuwa na makuu: runinga nne, mabenchi, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Mwenyewe alikuwa mtoto wa kaka yake shangazi, kijana aliyezaliwa na akili za biashara. Ukuta wa nyuma aliupaka rangi nyeusi, akaweka chaki, ili wateja waandike maoni yao kuhusu kila gemu, naye ajue ipi abaki nayo na ipi auze. Kazi ya shangazi ilikuwa kufagia, kupiga deki, na kila Jumapili asubuhi kufuta matusi ukutani na kuacha maoni. Kutenganisha viwili hivyo si kazi ya kitoto. Malipo yake yalikuwa chakula, chumba cha nyuma kilichotengwa na ukumbi kwa mbao nyembamba, na jina, maana wateja wote, hata waliomzidi umri, walimwita shangazi.

Tangu mvua zianze, ukuta mzima ulikuwa wa gemu moja tu, ya Kijapani. Msichana mtumishi wa hekalu, joho jeupe na sketi nyekundu, analinda kijiji dhidi ya mazimwi yanayoshuka mlimani, na kadiri anavyoua ndivyo anavyopata nguvu. Wateja walimwita Binti, na maoni juu yake yalikuwa na makali kuliko mishale yake. Mmoja aliandika kwamba Binti anapiga magoti mno, na zimwi halingoji mtu amalize sala. Mwingine akamjibu chini yake kwamba asiyejua heshima arudi kwenye gemu za mpira. Yupo aliyesifu damu, kwamba inaruka vizuri. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ufagio. Kila kukicha hekaluni, Binti huamka uani penye majani makavu, na mchezaji huchagua: afagie, au apande mlimani kuua. Kufagia hakumwongezei nguvu hata chembe. Ukuta ulijaa laana kwa aliyebuni upuuzi huo, isipokuwa mstari mmoja tu, wenye mwandiko mwembamba wa mtu aliyezoea kushika wembe:

"Kufagia ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Kinyozi."

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Safari hii ilikuwa chaki.

Kwa sababu Jumamosi hiyo mchana mchinjaji aliingia, baada ya siku mbili za kukwama machinjioni, akanawa mikono uani kama kawaida yake, akakaa mbele ya runinga kumfungua Binti wake. Alikuwa amemlea tangu mvua za kwanza. Alimvisha chuma, akampa upanga wa mfalme wa mazimwi, akamfikisha lango la mwisho ambalo hakuna mwingine mtaani aliyelifikia. Huko machinjioni hakuna aliyemsifu mtu kwa kuua. Hapa watu walisogeza mabenchi kumtazama. Sasa kwenye kioo akaona picha mbili za Binti mwenye ufagio, na ya kwake haipo. Mtu alikuwa amehifadhi mchezo wake juu ya mchezo wa mchinjaji.

"Nani humu anapenda kufagia?" aliuliza.

Watu waliutazama ukuta, kisha wakamtazama kinyozi.

Shangazi, ndoo mkononi, aliyasikia yote hayo kwa mteja aliyekuwa amejibanza mlangoni. Akainua macho kwenye kioo. Ua ule aliujua. Majani yalikuwa yamekusanywa kando ya kisima, kama yeye mwenyewe alivyoyaacha alfajiri.

Hakuna aliyejua. Kila asubuhi, akishafagia ukumbi, alikuwa anaketi na kufagia hekalu. Alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa wateja. Mlimani hakuwahi kupanda. Alipenda tu kwamba pale, akishafagia, hakuna mtu anayepita na matope mpaka kesho yake, na Binti huutundika ufagio, huinama mbele ya hekalu, na kengele hulia. Wakati wa kufungua mchezo alitambua picha yake. Wakati wa kuhifadhi, gemu haikuonyesha picha, ila maandishi ya kigeni asiyoyajua, na yeye alibonyeza mstari wa chini kabisa. Mstari wa chini ulikuwa wake sikuzote, kwa kuwa gemu huweka juu aliyecheza karibuni, na wote walicheza baada yake. Wote, isipokuwa mtu aliyekosekana siku mbili.

Angesema papo hapo. Ila alikumbuka alivyoonywa. Siku ya kwanza mtoto wa kaka yake alimwambia, kwa heshima zote, kwamba pedi ya kuchezea gemu si ufagio, na akimkuta ameigusa chumba atakitafuta kwingine. Lakini tusimsingizie kijana wa watu. Ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko kijana mwenyewe. Shangazi alitua ndoo, akarudi kinyumenyume mpaka chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa kitandani.

Mbao zile hazikuzuia kitu. Alisikia benchi likipinduka. Alisikia sauti ya mtu anayepigwa pale pumzi inapokuwa imekwisha, sauti ambayo haifanani na kilio, na aliijua kwa sababu miaka yote ya ndoa yake ilikuwa sauti yake. Marehemu mumewe alikuwa mpole kwa watu. Jirani wa kushoto aliwasha redio, jirani wa kulia akawasha redio, na yeye, akiwa chini ya meza, alipima ubaya wa siku ile kwa jinsi nyimbo zilivyopazwa. Aliwachukia majirani wale kuliko alivyomchukia mumewe. Mume alikuwa mgonjwa wa hasira, lakini wao walikuwa wazima.

Ndipo alipouona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa juu ya redio yake ndogo, kando ya mto, kidole tayari kimeshaanza kuzungusha kitufe chake cha sauti.

Alipotoka, kinyozi alikuwa chali. Mchinjaji amemkalia tumboni, pedi imo mkononi, anampiga nayo usoni, si kwa haraka, bali kwa mpango, kama afanyavyo kazi yake ya kila siku. Wateja walikuwa wamejipanga ukutani, migongo juu ya maoni yao, hakuna hata mmoja aliyesogea. Shangazi aliinua ndoo, akawamwagia wote wawili maji yote.

"Muache," alisema. "Ni mimi."

Mchinjaji alijifuta uso. Alimwambia, karibu kwa upole, akae pembeni, asimwombee mtu kwa uongo. Mtu mmoja ukutani akacheka, kicheko cha kukosa cha kufanya. Shangazi alimnyang'anya pedi, akaifuta damu kwa upindo wa gauni, akaketi.

Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Hekaluni kukakucha, majani yameanguka upya. Binti alianzia chini ya paa, mahali ambapo upepo hauingii, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akazunguka mti, akayasukuma majani mpaka kando ya kisima bila kuacha hata moja. Hakuna hata mmoja wa waliosimama ukutani aliyewahi kuona ua ule ukifagiwa wote, maana wenyewe hawakuwa na subira. Akautundika ufagio. Akainama. Kengele ikalia katika ukumbi uliokuwa na mlio mmoja mwingine tu, wa kinyozi akitafuta hewa.

Mchinjaji alitazama kioo, akamtazama kinyozi aliye chini, akatazama tena kioo. Kisha akamzaba shangazi kofi lililomtoa kwenye benchi.

Shangazi aliujua uzito wa makofi. Hili lilikuwa nusu, la mtu ambaye mkono umeanza kumkataa. Aliinuka, akaketi palepale.

"Umemaliza?" aliuliza.

Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa amekwenda kununua fyuzi, aliingia na kukuta wanaume watatu wanambeba kinyozi nje, kichwa kimening'inia, jicho moja limejaa damu. Aliiona pedi iliyopasuka, aliuona uso wa shangazi yake uliovimba, na akaanza na pedi. Kabla jua halijazama alikuwa ameshamwambia kwamba kesho jioni chumba kiwe wazi. Shangazi hakuomba. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini la kwake lilikuwa limeliwa na mtu baki, ambaye hawakuwahi kuzungumza hata neno juu ya kitu pekee walichokipenda wote wawili.

Asubuhi, shangazi alichemsha maji. Alipiga magoti sakafuni, shavu limefura, akaanza kusugua pale alipolala kinyozi. Doa halikutoka. Lilizidi kukolea, likawa la kahawia, likajichimbia kwenye saruji. Mlango ukasukumwa, na mchinjaji akaingia, nguo zake za jana bado mwilini. Shangazi akashika mpini wa ufagio.

"Maji ya moto yanaigandisha damu," mchinjaji alisema. "Tia baridi. Na chumvi."

Alimwaga yale ya moto uani, akarudi na ndoo ya maji baridi, akachukua kitambaa bila kuomba, akapiga magoti upande wa pili wa doa. Alisugua kwa kuzungusha, kutoka nje kwenda ndani, ili lisitambae. Baada ya muda akasema kwamba ametoka hospitali. Hawakumruhusu kuingia. Mke wa kinyozi alimtemea mate, naye akayaacha yakauke. Polisi amewaambia mwenyewe watamkuta wapi.

"Jicho?" shangazi aliuliza.

"La kushoto limekwenda."

Shangazi aliweka kitambaa chini. Alipotoka uani jana na ndoo, macho yote mawili yalikuwepo. Alikuwa ameyaona, yamemtumbulia kutoka mikononi mwa mtu yule, yakimwomba.

"Meno ni yako," alisema. "Jicho ni letu wawili. Nilikuwa nyuma ya mlango ule, najua ni mimi, nikaketi."

Mchinjaji alikamua kitambaa. Maji ndani ya ndoo yakawa mekundu, akaenda kumwaga, akaja na mengine.

Ilikuwa Jumapili, siku ya kufuta ukuta. Shangazi alichukua kitambaa kingine akaanza juu, na safari hii hakutenganisha kitu. Alifuta matusi, akafuta na maoni, ya magoti na ya heshima na ya damu inayoruka vizuri, mpaka ukuta ukawa mweusi tena, umebaki mstari mmoja mwembamba na matone matatu yaliyokauka pembeni yake. Matone aliyafuta kwa ncha ya kidole kilicholowa, polepole, bila kugusa herufi.

Nje gari lilisimama, milango ikafunguliwa. Mchinjaji hakuinua kichwa. Aliongeza chumvi kidogo, akaendelea kuzungusha mkono, kutoka nje kwenda ndani.