Paji kwa Paji

Halmashauri ilipomleta Sindre shuleni kwetu awe mlezi wa afya ya watoto, hakuja na dawa wala mzani. Alikuja na zoezi. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, watoto walisimama wawili wawili, wakagusanisha mapaji ya uso, wakafumba macho na kuvuta pumzi pamoja, ili asiwepo mtoto anayejiona mpweke. Alikuwa kijana mpole, mwenye sweta la sufu alilofumiwa na bibi yake, na watoto walimpenda.

Nesi Torunn, ambaye huja Jumanne na Alhamisi tu, alilipenda zoezi hilo kuliko sisi sote. Alikuwa amechoka kupokea maumivu ya tumbo ambayo hayakuwa ya tumbo. Akawa analifanya mwenyewe, mara na huyu, mara na yule, hata akasahau ukaguzi wa vichwa wa kila Septemba.

Oktoba watoto wakaanza kujikuna. Torunn akamwita Embla, binti wa darasa la nne, akampitishia kitana, kisha akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Gunnvor, tuna chawa."

Mwalimu mkuu aliinuka akafunga mlango. "Neno hilo hatulitumii hapa. Linaumiza watoto."

"Sasa tuwaiteje?"

"Changamoto ya kichwani."

"Basi ninazo changamoto sita kwenye kitambaa hiki, na moja inatembea."

Gunnvor hakutikisika. Aliitisha kikao cha wazazi siku ya Jumatano, siku ambayo nesi hayupo. Akatueleza, kwa sauti ya msibani, kwamba baadhi ya watoto wana changamoto kichwani, asitafutwe wa kulaumiwa, na tukae nao karibu kuliko kawaida.

Roald, jirani yangu anayefuga samaki, alinyoosha mkono. "Wangu kutwa anajikuna. Ni mawazo?"

"Huenda yanahusiana," alisema mwalimu mkuu.

"Ni tangu mama yake aanze zamu za usiku," Roald akasema.

Tuliguswa. Sindre akapendekeza tuonje kile wanachofanya watoto wetu. Ukumbi mzima ukasimama, paji kwa paji. Mimi nilijikuta na Roald, ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu aukate mti wangu uliokuwa karibu na uzio. Tukapumua. Akalia, nami nikamsamehe mti.

Haikupita muda mrefu mji mzima ukawa unajikuna. Mchungaji alijikuna mimbarani. Keshia wa duka la vyakula alijikuna kwa risiti. Watu waliowapeleka watoto msituni kupunguza mawazo walirudi wamebadilishana kofia.

Torunn alirudi ofisini kwa mwalimu mkuu, akamkuta amechomeka kalamu ndani ya nywele.

"Na wewe una changamoto?"

Gunnvor aliichomoa kalamu. "Nina chawa," akasema. "Nitoe, tafadhali."

Torunn alimchana bila kumsimanga, kisha akampa kitana na kugeuza kiti. "Haya, na mimi. Ninao tangu juzi."

Baada ya hapo neno lilitumika, na chumba cha nesi kikajaa. Torunn akamwita Sindre.

"Zoezi lako ndilo limetufikisha hapa, mdogo wangu. Na mimi nilikushangilia. Shika kitana."

"Dada Torunn, sijawahi kumchana mtu."

"Utajua. Anzia nyuma ya sikio."

Akachana. Kwa aibu aliyokuwa nayo hakusema lolote, na huenda hiyo ndiyo iliyosaidia. Embla, ambaye alikuwa amepumua na darasa zima bila kutoa neno, alikaa akimpa mgongo, akitafuna mkate wake wa jibini la kahawia na kutazama dirishani.

"Mama anasema baba yuko baharini, kwenye visima vya mafuta," akasema. "Hayuko. Amehamia mjini Bergen."

Kitana kilisimama. Torunn, akiwa na kichwa kingine mikononi, alimwashiria Sindre aendelee.

"Ulijua lini?" Sindre akauliza.

"Kiangazi. Sijamwambia mama kwamba najua. Atalia."

"Unataka tukusaidie kumwambia?"

"Chana kwanza."

Akaendelea kukichana kichwa ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa safi. Wiki iliyofuata Torunn alikwenda na Embla nyumbani, na mama alilia kweli, lakini walilia pamoja.

Halmashauri nayo ilisikia kwamba wazazi wa kwetu hawajawahi kuwa karibu na watoto wao namna hii. Ikalitunuku zoezi la mapaji na kutaka lifundishwe katika shule zote za wilaya. Sindre alisimama mbele yao akasema kwamba zoezi lile lilisambaza chawa, na kwamba shule zinahitaji vitana, viti, na nesi wa kila siku.

"Kitana," alisema mwenyekiti, akiandika. "Ni taswira nzuri sana."

Wakampigia makofi. Nesi aliongezewa nusu siku.

Nusu siku hiyo ni Ijumaa asubuhi. Ijumaa ya kwanza Sindre alipoingia chumba cha nesi alimkuta Embla kitini.

"Chawa hawapo tena, Embla. Wameisha."

"Najua, kaka," akasema, wala hakuinuka.

Torunn akafungua droo akampa Sindre kitana.