Udongo Uliokwenda Malindi

Mgeni hakupiga hodi. Wayua, aliyekuwa ameketi nje akichagua mbegu za maharagwe, alimwona msichana amesimama kwenye njia iliyopita kando ya shamba lake, ameinama, anaitazama ardhi kama mtu aliyeangusha pete. Leso zake alizifunga kwa namna ambayo wanawake wa Kathiani hawazifungi.

"Umepoteza nini?" Wayua aliuliza.

Msichana aliinuka. "Mwaitu," akasema. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, lakini neno lilitoka kinywani mwake kwa lafudhi ya mbali. "Naitwa Kadzo. Natoka Malindi. Nilikuwa niolewe na Musembi."

Mbegu zilimwagika mapajani, nyingine zikaanguka chini. Wayua hakuziokota.

Musembi alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda pwani kutengeneza injini za boti, na mwaka wa mvua za El Nino, alipokuwa akivusha watu kwenye mlango wa Mto Sabaki, mafuriko yalimchukua pamoja na boti. Habari zililetwa na katekista. Mwili haukupatikana. Hakukuwa na kaburi, wala ile konzi ya udongo ambayo kila jamaa hutupa ndani kabla majembe hayajaanza kufukia.

Wayua alimpakulia mgeni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Kadzo alikula polepole, akigeuza kila kijiko.

"Nazi hakuna," Wayua alisema.

"Musembi naye alikuwa hivyo kwetu. Akifunua sufuria tu: muthokoi uko wapi?"

Wayua alicheka, akashangaa kujisikia akicheka. "Alikuwa akisema nini juu yangu?"

"Mvua zikinyesha bara, bahari yetu inakuwa nyekundu. Basi alikuwa akionyesha kwa kidole, akisema: lile ni shamba la mwaitu linapita."

Wayua aliinuka. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje hadi kwenye njia. Ilikuwa imechimbika hadi kiunoni, na ilishuka moja kwa moja mpaka kijito kilicho bondeni.

"Mwalimu mmoja aliniambia maji haya yanaingia Mto Athi, nao ukifika kwenu unaitwa Sabaki. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, nasimama hapa natupa konzi moja. Sikumzika mwanangu. Kwa hivyo namtumia udongo, kidogo kidogo. Na sasa unaniambia unafika."

Kadzo alikuwa ametoka Malindi na maneno yake tayari. Sasa alichuchumaa, akagusa ukingo wa njia.

"Unafika, mama," alisema. "Ndiyo sababu nimekuja. Mama yangu huchokoa pweza mwambani, maji yakipwa. Ndiyo kazi iliyonisomesha. Siku hizi mashimo yamejaa matope, pweza hawaingii. Mwamba wenyewe wa matumbawe unakufa. Na huo mwamba ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika nyumbani kwetu."

"Kwa konzi yangu moja?"

"Si konzi yako. Angalia." Alionyesha juu kilimani. Kila shamba lilikuwa na mtaro wake juu ya tuta, umechimbwa vizuri. Na kila mtaro uliishia njiani. "Kwa nini wote mnaleta maji hapa?"

"Ukiyapeleka kwa jirani mtapigana," Wayua alisema. "Njia haina mwenyewe." Alipomaliza kusema hivyo, aliitazama njia kana kwamba hajawahi kuiona.

"Ifungeni, mama. Hii moja tu."

"Nikiifunga, nitamtumia nini?"

"Sijui." Kadzo alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Hata mimi huenda pale mtoni nikatazama yale maji mekundu, natamani yazidi kuja. Halafu namwona mama akirudi na kikapu kitupu."

Asubuhi, kabla Kadzo hajapanda basi, Wayua alimfungia mbegu za maharagwe katika kitambaa. "Nitaifunga kabla ya mvua," alisema. "Siahidi mengine."

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya mwethya. Wanawake wa kikundi walimfanyia kila mmoja kazi kwa zamu, na zamu ilikuja mara moja tu kwa mwaka. Walifika na majembe na sululu, wakaelekea kwenye tuta lake la chini, lililobomoka, ambalo likiachwa lingeondoka na nusu ya maharagwe yake.

"Si hapo," Wayua alisema. "Leo tunafunga njia."

Mbinya, kiongozi wao, alitua jembe. "Njia ni shamba la nani?"

"Si la mtu. Ndiyo maana imekuwa hivi." Akawaeleza habari za Kadzo na za mama yake.

"Kwa hivyo sasa tunalimia samaki."

"Pweza."

"Huyo si ako na mikono minane? Aje alime mwenyewe."

Wote walicheka, Wayua pia. Kisha Mbinya akamsogelea, akapunguza sauti. "Wayua, zamu ni moja. Ukiitoa, tuta lako litangoja mpaka mwakani. Maharagwe yataenda, na huna mtu wa kukusaidia."

"Najua. Nilimwahidi mke wa Musembi."

Mbinya alimtazama, akaokota jembe. Walipanga mawe kukingama njia, ngazi baada ya ngazi, wakapanda nyasi nyuma yake, wakaziba midomo ya mitaro mmoja mmoja. Jioni waliteremka wakirukaruka juu ya mawe, wakilalamikia viuno.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha alasiri moja, majuma machache baada ya manyunyu kuotesha mbegu. Tuta la Wayua halikustahimili. Maharagwe machanga ya upande wa chini yalilala, yakang'oka, yakateremka njiani pamoja na udongo. Alisimama pale alipozoea kusimama, gunia kichwani, konzi ya udongo mkononi. Maji mekundu yalifika kwenye mawe, yakazunguka, yakapungua kasi. Yaliyopita upande wa pili yalikuwa hafifu, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo.

Mkono wake uliinuka wenyewe. Aliuzuia, akautazama mpaka mvua ikaanza kumtiririkia vidoleni.

Kisha akainama, akauweka udongo nyuma ya jiwe, kwenye mizizi ya nyasi, akaugandamiza kwa kiganja.