Kasa Aliyeonjwa na Paka

Najma alikuwa ameshalamba vidole ndipo akauliza alichokula. Wali ulikuwa wa nazi, mchuzi mzito, na nyama laini ambayo hakuitambua, lakini ukiolewa Mbegani ukapakuliwa na mama mkwe, huanzi kuichunguza sahani.

"Kasa," alisema Bi Chausiku, mkwewe, kwa sauti ya chini, maana kasa ni marufuku na anayemla humla kimyakimya. "Mvuvi Muharami kamleta alfajiri. Usiwe na wasiwasi, mwanangu, tumemwonjesha paka kwanza. Mwone yule."

Paka alikuwa juu ya ukuta anajiramba, mnono, hana habari. Najma aliingiwa na hofu.

Alilelewa na shangazi yake, Daktari Raya, mwanamke wa kwanza katika mtaa wao wa Bagamoyo kusomea bahari hadi udaktari. Watu walidhani anapenda cheo. Hawakujua kwamba Raya akiwa mdogo, mama yake alikula kasa, akanyonyesha, na kitinda mimba wake akamfia mikononi. Paka aliyeonjeshwa alikuwa mzima, kwa hiyo kasa hakushukiwa, alishukiwa mama. Wakamwita mwanga hadi anaingia kaburini. Raya akazunguka pwani mpaka Saadani na vichupa vyake, akiwaomba wanyonyeshaji matone ya maziwa, huku wakimcheka na kumfungia milango, hata akathibitisha: kasa mwingine ana sumu, moto hauiondoi, na humpitia mama ikamfikia mtoto.

"Paka anajibu kwa kipande alichopewa yeye," alikuwa akisema. "Mtu mzima huenda akaugua akapona. Anayenyonya ndiye wa kumwogopea." Alifariki masika yaliyopita, na huku kwetu paka bado ndiye daktari.

Kabla Najma hajajua la kufanya, Ausi, mwanawe, aliamka chumbani akalia.

Maziwa yalimchuruzika hata hajamfikia, yakalowesha gauni. Alimpakata, akamgeuza uso usielekee kifuani. Mtoto akatafuta, akatafuta, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Mnyonyeshe," alisema Bi Chausiku.

"Siwezi, mama. Tumtafutie maziwa ya kopo."

"Ya kopo, na wewe unamwagika hivyo? Shangazi yako, Mungu amrehemu, alikujaza maneno. Mie nimeanza kuonja tangu nyama iko jikoni, na ni mzima."

Najma hakuwa na uhakika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Huenda kasa yule alikuwa salama, naye anamtesa mwanawe bure kwa ajili ya maneno ya marehemu. Mkono ulishafika kwenye kifungo cha gauni. Aliuona, akaurudisha.

Bi Chausiku alishindwa kuvumilia. Alimnyakua mjukuu wake akaelekea mlangoni. "Nampeleka kwa Mwanvita hapo jirani, naye ana mtoto mchanga. Watakuwa ndugu wa kunyonya, heri hivyo kuliko mtoto kufa njaa na mama yupo."

"Mwanvita si ulimpelekea bakuli, mama?"

Bi Chausiku alisimama kizingitini. Alimpelekea, bila shaka. Nani apike kitu kitamu asimgawie jirani mzazi? Alifungua kinywa ajibu. Akapitisha ulimi juu ya midomo, akapitisha tena, kama mtu aliyekula pilipili. Mchuzi ule haukuwa na pilipili.

"Najma," alisema taratibu, "ulimi unaniwaka."

Ng'ambo ya ukuta, mtoto wa Mwanvita alikuwa akilia tangu wao wanakula. Sasa alinyamaza ghafla, kama wanavyonyamaza wakipewa titi.

Najma alitoka mbio bila viatu wala ushungi, akimwita Mwanvita kwa jina.